Mkono Uliosajiliwa kwa Marehemu

Jumanne, saa nne asubuhi, kioo changu kipya kiliniambia kwamba nimekufa.

Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda changu hapa Lushoto, dirisha wazi, chai pembeni, karatasi nzito nimeitandaza juu ya kioo kama tulivyoelekezwa. Nikachovya brashi kwenye rangi ya kahawia, nikavuta mgongo wa mbuzi, mstari mmoja tu kutoka shingoni hadi mkiani. Kioo kikalia mara moja, na maandishi yakatokea ukingoni:

MKONO UMETAMBULIWA: MBARUKU SHEKALAGHE. MWENYE MKONO NI MAREHEMU. KAZI IMEZUIWA.

Kisha kikazimika, mbuzi wangu akabaki mgongo mtupu.

Mimi si mtu wa kushtuka hovyo. Nilishawahi kukuta nyoka kwenye ndoo ya brashi, nikamtoa kwa mpini wa ufagio, nikaendelea na kazi. Lakini siku ile niliganda na brashi yangu hewani, rangi ikanidondokea kwenye kanga nisijali. Mbaruku Shekalaghe, Fundi wetu, ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Tulimzika miaka sita iliyopita, na chai ya waliokuja kuhani nilipika mimi.

Nikakiwasha tena. Nikabadilisha brashi, nikachora jani. Maandishi yakawa yale yale. Nikachukua penseli, nikachora duara la kitoto kabisa, hata hilo likanirudishia jina la Fundi. Nikaanza kutokwa na kijasho chembamba, na Lushoto mwezi wa saba hakuna joto la kumtoa mtu jasho.

Niwaeleze kidogo kuhusu vioo hivi, maana wengine hawajavigusa. Mchoraji wa vitabu siku hizi anachora kwa rangi yake ya kawaida kwenye karatasi yake ya kawaida. Kioo kilichoko chini ya karatasi kinasoma uzito wa brashi, mwendo wake, na unyevu wa rangi. Kinaipokea picha ikiwa bado mbichi na kuigawa matabaka, na baada ya hapo unaweza kusogeza mti, kubadili jua, au kumgeuza mbuzi atazame kulia, bila kuharibu ulichochora. Mimi nakipenda, sitaki kudanganya. Rangi inabaki rangi, na makosa yanapata pa kurekebishiwa.

Tatizo ni sheria. Kuna miaka mitambo ilikuwa inajitapikia picha yenyewe, watoto shuleni wakasomeshwa ng'ombe wa miguu mitano, wazazi wakaja juu. Ndipo ikaanzishwa Sajili ya Mikono. Picha ya kitabu cha mtoto lazima itoke kwenye mkono unaojulikana, ulioandikishwa kama mtu anavyoandikishwa kuzaliwa. Mkono wa marehemu unaweza kuendelea kuchora kupitia mtambo, warithi wakiruhusu. Ila mkono mmoja hauwezi kuwa na wenyewe wawili. Kioo changu cha zamani kilikuwa hakiulizi maswali. Hiki kipya kinauliza, na cha zamani kilishazimwa kwa amri.

Kwa hiyo mkono wangu ukiwa si wangu, mimi si mchoraji tena. Nitapaka kuta za watu. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kufanya kazi nyingine yoyote. Nikafunga kibanda na kushuka mjini na kanga yangu yenye doa.

*

Afisa wa Sajili wilayani kwetu anaitwa Eliamini, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutafuta ule wa kusomea. Nilimweleza yaliyonikuta. Hakucheka, na hilo likanitia hofu zaidi.

"Dada Sabina, kaa kwanza," akasema, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. "Kwa mujibu wa mtambo wewe ni marehemu, lakini chai unaruhusiwa."

"Bwana Eliamini, sina hamu ya utani. Nionyeshe mkono wa Fundi ulitengenezwa kwa kitu gani."

Akanieleza. Mtu aliyekufa kabla ya vioo, mkono wake unasomwa kutoka kwenye picha alizoacha. Rangi ya mafuta ikikauka huacha matuta membamba, na skana inayasoma hayo matuta: brashi iliingia wapi, ilikandamizwa kiasi gani, ilitokea wapi. Mjane wa Fundi, Bi Tatu, alileta picha sitini na mbili. Zote zilikuwa na jina la mumewe. Mtambo ukazisoma kwa wiki mbili na kuunda mkono mmoja safi kabisa, na mkono huo ndio unaochora vitabu vya darasa la kwanza hadi la nne nchi nzima.

"Fungua hizo picha," nikasema.

Akazifungua ukutani, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ndege hondohondo juu ya mti. Ya pili kina mama sokoni Soni na vikapu vya plamu. Ya tatu chui. Ilipofika ya kumi nilimwambia asimame.

Zote nilichora mimi.

Hapa inabidi niseme siri ambayo niliibeba miaka kumi na moja. Fundi Mbaruku alipatwa na presha ya macho. Mwanga ukaanza kumtoka pembeni, kisha katikati, na mikono nayo ikaanza kutetemeka. Wilaya nzima ilijua haoni. Wasichojua ni kwamba hachori. Alikuwa anaingia karakana, tunafunga mlango, yeye anakaa kwenye kigoda ananisimulia anachotaka, mimi nachora. Mlango ukifunguliwa, watu wanakuta picha mbichi na mzee kipofu ana rangi vidoleni. Wakasema mkono wake unajua njia bila macho. Walitoka hata Arusha kuja kumtazama. Hakuwahi kuniambia nidanganye, na mimi sikuwahi kukataa.

Mimi mwenyewe sikuona kama ni uongo, kwa sababu ya desturi ya karakana yetu. Picha ya mwanafunzi huandikwa jina la fundi. Ndivyo alivyofanya kwa mwalimu wake, ndivyo nilivyofanya kwake. Mwanafunzi akimaliza anabakisha kitu kimoja tu bila kukitia: tone jeupe ndani ya jicho. Fundi anakuja na njiti ya kiberiti, anaichovya kwenye rangi nyeupe, anatia tone, na mnyama anaanza kukutazama. Hakuna picha iliyotoka pale bila tone la fundi. Hiyo ndiyo sahihi yenyewe, jina ni la wateja.

Sasa tazama Bi Tatu alichofanya. Alichukua kila picha yenye jina la mumewe iliyobaki nyumbani, maana za kabla ya ugonjwa zilishauzwa zote, akaipeleka Sajili, kama mjane yeyote mwaminifu angefanya. Na mtambo haujui desturi za karakana. Ukasoma matuta sitini na mbili ya brashi yangu, ukayaita Mbaruku.

"Haiwezekani," akasema Eliamini nilipomaliza kumweleza. Alikuwa amevua miwani yote miwili. "Dada, haiwezekani, kwa sababu wewe una faili lako. Una mkono wako kabisa humu."

"Sijawahi kuandikisha kitu."

"Bi Tatu alikuandikishia. Alileta na picha moja yenye jina lako. Alisema: na mtoto wangu Sabina asiachwe."

Akaifungua. Ilikuwa picha mbaya. Mwanamke ameinama dirishani, mgongo umekwenda kombo, mistari inapanda na kushuka kama imechorwa garini. Chini, kwa herufi kubwa, SABINA.

"Hii sikuichora mimi," nikasema. Ile S ilikuwa nene chini, nyembamba juu. Mtu mmoja tu niliyemjua alikuwa anaanza S kutoka chini, na hakuwahi kuona sababu ya kujirekebisha.

Nje mtu alikuwa anamnadi sungura. Eliamini akanitajia njia mbili, kwa sauti ya mtu anayetamani zingekuwa tatu. Ya kwanza ni rahisi: Bi Tatu akiweka dole gumba kunipa idhini, nitaruhusiwa kuchora chini ya mkono wa marehemu. Kioo kitafunguka leo leo. Kila nitakachochora maisha yangu yote kitatoka na jina la Fundi, na mbali ya sisi wawili hakuna atakayejua. Ya pili ni kupinga usajili. Bi Tatu akikiri kwa dole kwamba mkono si wa mumewe, unahamia kwangu. Jina la Fundi litaondolewa kwenye kila kitabu, na sababu itaandikwa wazi, kila mtu asome.

"Na lile kono la nyumbani kwake litazimwa," akaongeza.

"Kono gani?"

"Hujaliona? Warithi wanapewa."

Nilichukua fomu ya idhini. Ile ya kwanza, ya rahisi. Nisijifanye shujaa.

*

Bi Tatu anakaa mlimani, juu kidogo ya kanisa la zamani, nyumba yenye baraza pana na maua ya hortensia mlangoni. Nilimkuta sebuleni anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea. Kaa hapo, usiongee kwanza, anafanya kazi."

Nikageuka nione ni nani anayefanya kazi.

Juu ya meza, kando ya dirisha, kulikuwa na kono la chuma lililofungwa brashi halisi. Vikopo vya rangi vilipangwa mbele yake, na ubao mweusi wa kuchorea umesimamishwa. Kono likachovya brashi kwenye rangi ya kijani. Likaifuta ukingoni mwa kopo, kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kidogo. Hivyo ndivyo ninavyofuta mimi. Mama yangu mzazi alikuwa ananicheka kwa hilo. Likavuta jani, likasita pumzi moja kabla ya ncha, likamalizia. Mimi ndiye ninayesita kabla ya ncha. Nilijishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto bila kujua, kuhakikisha bado upo.

"Kila asubuhi anachora moja," akasema Bi Tatu, macho kwenye mchele wake. "Mbaruku wangu. Kikombe kilikuwa kinamtetemekea, chai inamwagika yote kwenye sahani, lakini brashi haikuwahi kutetemeka. Mungu alimwachia mkono huo. Nikisikia anavyosugua brashi, nasema haya, mzee ameamka."

Kisha akageuka, akaanza kuongea na kono. Alilieleza habari za mguu wake. Akaliambia bado hajamsamehe kwa ile safari ya Korogwe, mwaka wa pili wa ndoa, anajua alikwenda kwa nani, lakini kwamba jana usiku alimwota na alikuwa kijana, na akaamka anacheka. Akaliambia jambo jingine ambalo siwezi kuliandika. Alikuwa anauambia mkono wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijiona nimeingia chumbani kwao na nimeketi kitandani. Fomu ilikuwa kwenye mkoba, kalamu ipo, na angenipa idhini hata bila kusoma, najua. Ningeondoka na jina la Fundi na kazi yangu, na yeye angeendelea kila asubuhi kumweleza mume wake mambo ya chumbani, na anayeambiwa ni mimi.

"Mama," nikasema, "zima hilo kono."

"Halijamaliza jicho la ndege."

"Lizime, tafadhali. Siyo yeye."

Nikamweleza yote. Mlango uliofungwa, kigoda, rangi niliyompaka vidoleni. Sikuruka kitu. Ungo ulikuwa mapajani mwa Bi Tatu na mikono yake ilibaki juu ya mchele, haisogei. Nilipomaliza, uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Hata hondohondo wa harusi ya binti yetu Zainabu?"

"Hata yeye, mama."

"Miaka kumi na moja."

"Ndiyo."

"Na tone? Tone alikuwa anatia mwenyewe, usiniambie hakutia."

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. "Alikuwa anatia. Lakini alikuwa haoni, mama. Lilikuwa linaangukia shavuni, au puani. Akishatoka, nilikuwa nalifuta na kitambaa, natia jingine penyewe."

Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Lakini aliinua macho akazitazama picha za ukutani, zote, taratibu, mpaka ya mwisho.

"Basi hakuna kitu chake humu ndani," akasema. "Nimekaa miaka sita na nyumba tupu."

"Kipo kimoja," nikasema. "Ile picha uliyoniandikishia mimi, iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya kabati. Aliikuta huko baada ya msiba, akaona jina langu, akadhani ni kazi yangu ya mwanzo. Hata alinionea huruma jinsi nilivyokuwa sijui kuchora. Akaileta, tukaiweka mezani karibu na dirisha, nami nikaiona kwa mara ya kwanza kwenye mwanga halisi.

Mwanamke aliyeinama ana njiti ya kiberiti sikioni. Mimi ndiye ninayeweka njiti sikioni. Alinichora bila kuniona, kwa kusikia tu brashi yangu na kwa kukumbuka, huenda zile wiki mbili nilizokwenda Bumbuli kumzika mama. Matuta ya rangi yalikuwa manene, vidole vyake vimepita humo. Nikapeleka macho kwenye uso, kwenye jicho.

Halikuwa na tone.

Ndipo nikaelewa. Mwanafunzi huandika jina la fundi, na huacha jicho wazi ili fundi aje atie tone. Mzee alikuwa ameandika jina langu na kuacha jicho wazi. Akaificha nyuma ya kabati, kwa sababu alikuwa na haya, au alikuwa anangoja siku ya kunionyesha na siku haikufika. Nilimweleza Bi Tatu, maneno yakitoka vipande vipande, na nikalia jinsi ambavyo sikulia msibani.

Alipitisha kidole chake juu ya mistari iliyopinda. Alirudia mara mbili, tatu.

"Hivi ndivyo alivyokuwa ananishika uso," akasema. "Mkono ulikuwa unatetemeka hivi hivi."

Akanyanyuka na kuchukua mtandio.

"Twende kwa huyo Eliamini."

"Mama, wataandika kila mahali. Watu watasema Fundi alikuwa mwongo."

"Alikuwa mwongo. Na wewe pia. Mtatukanwa wote, mmoja akiwa kaburini na mwingine yupo hai asikie. Mimi sitaki kuongea na mkono wa mtu mwingine."

*

Eliamini aliandika kila kitu, akavaa miwani, akavua, akasoma tena. Bi Tatu aliweka dole gumba mara mbili. La kwanza liliuondoa ule mkono safi kwa marehemu na kunirudishia mimi. La pili lilihusu ile picha moja. Ilitolewa kwenye faili langu, ikapewa jina la Mbaruku Shekalaghe.

"Mkono wa picha moja ni dhaifu, mama," Eliamini akamwonya. "Hautafaa kwa vitabu."

"Sikuomba vitabu."

Jioni ile kioo changu kilinitambua kwa jina langu, na mbuzi akapata miguu. Kesho yake habari zikatoka. Sitaeleza niliyoitwa. Wengine walioniita hivyo ni watu niliowafundisha.

Siku ya tatu Bi Tatu akaniita asubuhi. Nilimkuta amevaa vizuri, amekaa mbele ya kono, mikono mapajani. Lilikuwa limewekewa ule mkono wa picha moja na halijawashwa. Alinisubiri mimi.

Akaliwasha. Kono likachovya brashi, likagonga kopo, rangi ikamwagika mezani. Likavuta mstari, ukapinda. Likavuta mwingine, ukakatika njiani. Nilikuwa nalitazama huku nimeuma kanga, nikiona aibu kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Lilichukua saa nzima kuchora kitu ambacho baadaye tuligundua ni kuku. Miguu haikugusa ardhi. Jicho liliachwa wazi.

Sikuthubutu kumtazama Bi Tatu. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

"Huyu ndiye," akasema. "Amemwaga na rangi."

Kisha akaninyooshea kiberiti. Nikatoa njiti, nikaichovya kwenye rangi nyeupe, nikasogea kwa yule kuku. Nimetia tone maelfu ya mara, na ningeweza kulitia nikiwa nimefumba macho. Lakini siku ile mkono ulinitetemeka. Njiti ikateleza, tone likatua chini ya jicho, katikati ya shavu.

Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kitambaa.

"Usilifute," akasema Bi Tatu.

Nikakirudisha kitambaa mezani.